Maharagwe ya Nyongeza

Kununua nusu kilo ya maharagwe mekundu si kazi ya dakika ishirini, lakini mimi nilizitumia zote ishirini, na ningeongeza tano kama mawingu yasingeanza kujikusanya. Ilikuwa Jumamosi, sokoni Nyabugogo, mahali ambapo ukisimama bila kununua unasukumwa na mchukuzi mwenye gunia kichwani, ambaye naye anasukumwa na mwenzake.

Mama muuzaji nilimjua kwa sura, yeye alinijua kwa tabia. Alikulia Bujumbura, mimi nilikulia Tanzania, kwa hiyo tulibishana kwa Kiswahili, kila mtu na chake.

"Mwalimu, unanunua nusu kilo na maneno ya gunia zima."

"Haya ni ya wanafunzi, mama. Ni ya elimu."

"Elimu iko inakula?"

"Hii iko inaota."

Alicheka, ila bei hakushusha. Basi nikadai nyongeza, kwa sababu mtu akikunyima punguzo na nyongeza siku moja, unarudi nyumbani umeshindwa. Akanung'unika, akageuka nyuma, akafungua gunia jingine lililokuwa limekunjwa mdomo, akachota konzi moja na kuitia kwenye mfuko wake wa karatasi, mdogo, mbali na ule mkubwa. Niliona. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo: gunia jingine nililiona kwa macho yangu mawili, na nilichofikiri tu ni kwamba nimemshinda.

Nyumbani niliyahesabu yale ya nyongeza. Sijitetei. Yalikuwa sitini na mawili. Nikarudia, yakawa sitini na mawili.

Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari ya kutwa, Niboye. Vitabu ni vya Kiingereza, minong'ono ni ya Kinyarwanda, na utani, kwa kuwa unatoka kwangu, mara nyingi ni wa Kiswahili. Wiki ile tulifika kwenye somo la kupanga jaribio. Kitabu kina mfano wa mmea wa majini unaotoa mapovu ukiwekwa kwenye mwanga. Kila mwaka nimeufundisha, na kila mwaka wanafunzi wameunakili vizuri na kuusahau vizuri. Safari hii nikafunga kitabu. Nikasema kila mmoja alete swali la kwao nyumbani, swali ambalo mtu fulani anahitaji jibu lake kweli.

Mmoja aliuliza kama kuku anayesikiliza redio hutaga zaidi. Mwingine alitaka kujua kwa nini maziwa ya jirani yanaganda vizuri kuliko ya kwao. Kisha akasimama msichana wa dawati la tatu, ambaye husema mara mbili kwa muhula, na mara zote mbili huwa anaomba ruhusa ya kutoka. Alikuwa na chupa ndogo mkononi, yenye picha ya mharagwe mrefu kuliko nyumba.

Akaeleza taratibu. Mama yake ana kijishamba Masaka. Misimu mitatu hakulima kwa sababu ya mguu uliovunjika. Sasa mguu umepona, mvua inakaribia, na mbegu aliyonayo ni ile ile aliyovuna kabla hajaumia. Mtu mmoja amepita na pikipiki akiuza dawa ya kulowekea mbegu, akamwachia chupa hii ya kuonjesha. Anasema ukiloweka usiku mmoja, mbegu yoyote inaota, hata iliyozeeka.

"Na mama anataka kujua kama ni kweli," nikasema.

"Mama ameshaamini. Mimi ndiye nataka kujua."

Darasa zima likageuka kumtazama. Nikamuuliza mama yake atapanda nini kama hayakuota. Akasema hakuna mbegu nyingine, msimu utapita. Akauliza kama alete maharagwe ya mama kwa ajili ya jaribio. Nikamwambia aache mbegu za watu, nitanunua mimi, haragwe ni haragwe. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na lilitoka kinywani mwangu kama ukarimu.

Kisha nikawafundisha kwa njia ninayoijua. Ukitaka kujua nani anauza ghali kati ya wauzaji wawili, niliwaambia, kopo la kupimia liwe lile lile, lijazwe vilevile, na maharagwe yawe ya aina moja. Vikitofautiana vitu viwili kwa wakati mmoja, hapo huna bei, una kelele. Na jaribio ni hivyo hivyo. Makundi mawili yafanane kwa kila kitu isipokuwa hicho kimoja unachokiuliza. Hili linapata dawa, lile linapata maji matupu, na lile la maji ndilo la kulinganishia. Bila hilo utasifu dawa kwa kazi iliyofanywa na mvua.

Waliandika. Nilitembea kati ya madawati nikiona wanavyoandika, nikajiona mwalimu kamili.

Jumatatu tulijiandaa. Udongo ulichekechwa mara mbili, kwa amri yangu. Maji yalipimwa kwa bomba la sindano. Yalihitajika makopo arobaini ya nyanya, yale madogo, kila kopo haragwe moja, na mpishi wa shule alikuwa amenitolea thelathini na manane. Nikaenda jikoni kubishana juu ya mawili yaliyobaki. Niliporudi na makopo yangu mawili, nimeshinda tena, kiranja wa darasa alikuwa ameshahesabu mbegu na kuziloweka, ishirini kwenye dawa na ishirini kwenye maji. Nikahesabu vikombe vyote viwili. Ishirini na ishirini. Nikaridhika.

Siku ya nane baada ya kupanda, Jumatano, tukahesabu miche. Iliyopata dawa: kumi na minane kati ya ishirini. Iliyopata maji: tisa.

Nikarudia kuhesabu. Kumi na minane, tisa.

Sikumbuki darasa langu kupiga makofi kwa jambo la biolojia kabla ya siku ile. Msichana hakupiga. Alinakili namba, akazipigia mstari kwa rula, akafunga daftari. Jioni alikwenda kumwambia mama yake kwamba dawa ni ya kweli na mwalimu amehesabu mara mbili.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kipindi, nilikuwa napanga kabati. Mfuko mkubwa ulikuwa umejaa kama nilivyouleta. Mdogo ulionekana umesinyaa. Mtu mwingine angeusukuma pembeni. Mimi nikaumwaga juu ya meza na kuhesabu, na maharagwe yalikuwa arobaini na mawili.

Nikahesabu tena. Arobaini na mawili. Kutoka sitini na mawili.

Nikachukua haragwe moja la mfuko mdogo na moja la mkubwa, nikaenda nayo dirishani. Jekundu na jekundu. Ila hili la nyongeza lilikuwa limeiva rangi kuelekea kahawia, na ganda lake halikung'aa. Lilikuwa la zamani. Mama wa Nyabugogo alinipa ya zamani, yale anayoyamaliza kwa kuyatoa kama nyongeza kwa watu wanaopenda kushinda.

Darasani sikuzunguka. Niliuliza nani alihesabu mbegu, na kiranja akasimama bila wasiwasi.

"Ulichukua mfuko gani?"

"Yote miwili, mwalimu. Mifuko ilikuwa miwili na makundi yalikuwa mawili. Yaliyonunuliwa nikayatia dawa. Yale ya bure nikayatia maji ya bure."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza, kwa sababu ilikuwa na mantiki kuliko mambo mengi niliyosikia wiki ile. Nikawaeleza yote: gunia la pili, konzi, makopo mawili ya mpishi, na jinsi nilivyowafundisha juu ya wauzaji wawili na kopo moja huku mwenyewe nikiwaletea magunia mawili. Dawa haikushindana na maji. Maharagwe mapya yalishindana na yaliyozeeka, na hatujui lolote kuhusu dawa.

Msichana wa dawati la tatu akasema, bila kusimama, "Mama anapanda kesho."

Hakuna aliyecheka tena.

"Analoweka leo jioni," akaongeza. "Kwa sababu ya namba zetu."

Akainuka mwenyewe, akaja mbele, akachukua chaki. Alichora mraba, akaugawa mara nne. Maharagwe ya mama na dawa. Maharagwe ya mama na maji. Mapya na dawa. Mapya na maji. Akasema hatuna siku nane, kwa hiyo tusipande, tuyafunge kwenye vitambaa vyenye unyevu, tutazame mizizi. Mzizi ukifika urefu wa punje ya mchele, limeota. Usipofika, halijaota, na hakuna cha kuoneana huruma. Kiranja aandike herufi kwenye vitambaa, na maana ya herufi iwe kwenye bahasha, akae nayo mtu asiyehusika.

"Mpishi," mtu akasema.

"Mpishi," akakubali. Kisha akanitazama kidogo. "Na mwalimu asihesabu."

"Kwa nini nisihesabu?"

"Mwalimu anapenda kushinda."

Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kusikia mtu akieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Mchana nilipanda pikipiki kwenda Masaka na kukubali nauli ya kwanza niliyotajiwa, jambo lililomtia dereva wasiwasi kiasi cha kuniuliza kama kuna mgonjwa. Msichana alikuwa nyuma kwenye basi. Nilimkuta mama yake barazani, beseni la dawa limeshachanganywa, na ndoo za maharagwe yaliyohifadhiwa kwa majivu ziko kando ya mguu wake. Aliponiona alisimama.

"Mtoto amefanya nini?"

"Yeye hajafanya kitu, mama. Ni mimi."

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameshika kifuniko cha ndoo. Nilipofika kwenye gunia la pili akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo mwalimu alidanganywa sokoni."

"Sikudanganywa. Niliomba mwenyewe."

"Afadhali ungedanganywa." Alitazama juu, upande wa mawingu. "Mvua imepiga mara mbili. Majirani wote wako shambani. Misimu mitatu nimekaa hapa nawaangalia wanapita na majembe. Kesho napanda."

"Nipe siku saba."

"Saba nitakuwa napalilia."

"Tano."

"Ninyi walimu, mvua mnaisoma kwenye kitabu? Moja."

"Kwa siku moja haragwe linanenepa tu, mama, halijasema neno. Likikataa kuota shambani utalijua baada ya wiki mbili, na hapo mvua haitakurudia. Nikuombe siku chache sasa au uzipoteze zote baadaye?"

Akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea. "Ijumaa. Jumamosi. Jumapili silimi, hiyo ni ya Mungu, unaipata bure. Jumatatu. Basi. Nne."

"Nne, na asubuhi ya Jumanne. Nyongeza."

Alikunja vidole alivyokuwa akihesabia.

"Ndiyo maana wanakupa ya zamani," akasema. Lakini alifunika beseni.

Msichana alipofika alitukuta tumekaa kama watu waliotoka kusaini mkataba. Aliomba maharagwe arobaini. Mama akamwambia ayahesabu mbele yake, akayahesabu, na mama akayahesabu tena kabla ya kuyaachia. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na matumaini. Nikampa msichana arobaini mengine, ya mfuko mkubwa, ambayo nilikuwa nimeyachota mbele ya kiranja na mashahidi wawili. Usiku ule akayaloweka kwenye vikombe vinne.

Ijumaa darasa liliyafunga kwenye vitambaa vya shuka moja iliyochanwa. Jumamosi na Jumapili msichana na kiranja walikuja kuvinyunyizia maji. Mlinzi wa geti aliniambia walipima kila kitambaa kwa bomba la sindano na kugombana juu ya tone. Mimi nilikaa nyumbani. Nilihesabu ngazi, nilihesabu vigae vya jikoni. Nilitamani sana kwenda.

Jumatatu jioni wanafunzi wawili wasiojua maana ya herufi wakafungua vitambaa. A kumi na manne, B sita, C kumi na matatu, D matano. Mengine yalikuwa yamechungulia tu, mzizi haujafika punje ya mchele. Mmoja wa wahesabuji alitaka kuipa B haragwe moja kwa kuwa "karibu." Msichana akasema karibu siyo herufi iliyoko kwenye orodha. Wakavifunga tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono mfukoni, na ile nyongeza ya asubuhi moja niliiona sasa kuwa biashara nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumanne saa moja na nusu asubuhi: A kumi na manane. B manane. C kumi na tisa. D tisa.

Walirudia bila kuambiwa. Hazikubadilika. Mpishi akaja na bahasha, ameivalia aproni safi, akaipasua kama wanavyofanya kwenye harusi. A, mapya na maji. B, ya mama na dawa. C, mapya na dawa. D, ya mama na maji.

"Kwa hiyo dawa ni bure," kiranja akasema.

"Kwa kuotesha maharagwe haya," msichana akamrekebisha. "Mengine hatujayauliza." Aliandika hivyo hivyo daftarini, maneno yote, na nikajua kwamba mfano wa mmea wa majini hatauhitaji tena.

Kisha akaweka kalamu. Namba zilikuwa nzuri na habari ilikuwa mbaya: mbegu ya mama yake, kwa dawa au bila dawa, haifiki nusu. Akaomba simu yangu. Mama alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi.

"Soma polepole," nilimsikia akisema. Msichana akasoma. "Rudia." Akarudia. Kwenye simu kuku alilia mahali fulani. Kisha mama akauliza swali ambalo sisi wote, na chaki yetu na bahasha yetu, hatukuwa tumelifikiria.

"Yaliyozeeka yanaiva yakipikwa?"

Yanaiva, nikasema, ila yanachelewa.

"Basi siyo mabovu. Ni ya sufuria, siyo ya shamba."

Alikuwa na jirani aliyevuna karibuni, mwenye mbegu mpya nyingi kuliko alizohitaji na watu tisa wa kulisha. Jirani alitaka ndoo tatu za kupika kwa ndoo moja ya mbegu. Mama alimaliza kwa mbili. Hayo aliniambia baadaye, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, na sikumuuliza alivyofanya kwa sababu tayari nilikuwa nimeketi upande wa pili wa baraza ile. Jumanne hiyo hiyo, kabla ya saa sita, alikuwa shambani na jembe, kwa mguu wake uliopona.

Baada ya kama wiki mbili, Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kuona. Sikualikwa hasa; nilisema napita. Shamba lilikuwa limesimama mistari kwa mistari, kijani, kila shimo na mche wake, na mahali palipokosa ungeweza kupahesabu kwa mkono mmoja. Nilipahesabu. Kwa mkono mmoja.

Kwenye ukingo, karibu na njia, palikuwa na mistari miwili mifupi iliyozungushiwa vijiti. Ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee.

"Na hii?"

"Ya zamani," mama akasema. "Huu na dawa, huu na maji. Ishirini, ishirini. Udongo mmoja, siku moja, mkono wangu mmoja."

"Lakini jibu tulikuwa nalo, mama."

"Ninyi mlikuwa nalo. Lilikuwa la kitambaa. Mimi silimi kitambaa." Aliegemea jembe. "Na yule wa pikipiki akirudi sitamwambia maneno. Nitamleta hapa, ahesabu mwenyewe."

Binti yake alikuwa amechuchumaa mwisho wa mstari, daftari gotini. Niliomba ruhusa ya kuhesabu, na safari hii nikaruhusiwa. Mstari wa dawa, tisa. Mstari wa maji, manane. Mama akahesabu akapata tisa na tisa. Tukarudi mwanzo wa mstari wa maji sote watatu, tukatembea taratibu, na kwenye shimo la kumi na moja tukainama. Udongo ulikuwa umepasuka, na ndani ya ufa kulikuwa na mgongo mweupe wa kitu kilichojikunja, ambacho bado hakijaamua.

"Limeota," mama akasema.

"Bado," nikasema.

Tukamtazama binti. Alipekua daftari nyuma mpaka ukurasa wa sheria, akausoma, akatazama lile shimo tena.

"Tuliache mpaka kesho," akasema, na hakuna kati yetu aliyebisha.